Turbo imekufa: nani ameiua? Kwa fundi anayeanza na injini za dizeli za kisasa

Turbo ya kwanza niliyofunga kwa mikono yangu ilikufa baada ya siku nne. Ilikuwa mpya, imetoka kwenye boksi lake, na bolti zote nilizikaza kwa kipimo. Gari likarudi linatoa moshi wa bluu na kulia kama filimbi. Fundi mkuu hakunigombeza. Alifungua paipu nyembamba inayopeleka oili kwenye turbo, akaipuliza kwa mdomo, kisha akanipa nami nipulize. Hewa haikupita. Ndani oili ilikuwa imeungua ikaganda kama lami. Turbo ya zamani ilikuwa imekufa kwa kiu, nami nikaifunga mpya kwenye kiu ileile.

Halafu akaniuliza: na hiyo oili, nani ameiunguza? Sikuwa na jibu. Nitakurudishia jibu lake baadaye, maana kwanza inabidi uijue injini yenyewe.

Kanuni ya dizeli haijabadilika tangu injini ya Rudolf Diesel ilipofanya kazi vizuri mwaka 1897. Hakuna cheche. Hewa peke yake inabanwa mpaka inakuwa ya moto sana, kisha mafuta yananyunyiziwa humo na kujiwasha yenyewe. Injini za zamani zilibana hewa mara 20 hadi 22. Nyingi za sasa hubana mara 15 hadi 18 tu, kwa kuwa turbo, pangaboi linalozungushwa na moshi wa injini, imeshaanza kuibana hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Shika hilo: injini hizi zimejengwa kwa kuitegemea turbo. Turbo ikilegea, gari linabaki na mafuta mengi na hewa kidogo, na hapo ndipo moshi mweusi unapotokea.

Mabadiliko makubwa zaidi yako upande wa mafuta. Mwaka 1997 Alfa Romeo 156 ilikuwa gari dogo la kwanza kuuzwa likiwa na mfumo wa komonreli. Zamani pampu ilisukuma mafuta kwa kila nozeli kwa zamu yake. Kwenye komonreli, pampu inajaza bomba moja nene, ndiyo reli yenyewe, kwa mgandamizo mkubwa muda wote, na kompyuta ndiyo inayoamua injekta ipi (nozeli inayofunguliwa kwa umeme) ifunguke, lini, na kwa muda gani. Injekta moja inaweza kufunguka mara kadhaa katika mzunguko mmoja: tone dogo la kutangulia ili mlipuko usigonge, halafu dozi kuu, na mara nyingine dozi ya nyuma kwa ajili ya kuchoma masizi. Injini ikiunguruma tu bila kukanyagwa, mgandamizo ndani ya reli huwa kama bar 250 hadi 400. Ikibeba mzigo mzito hufika 1,600, na nyingine hupita 2,000. Tairi la gari dogo linajazwa upepo wa bar mbili na kitu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote. Kama ulijifunzia kwenye pampu za zamani, ulifundishwa kulegeza nati ya nozeli moja moja injini ikiwa inanguruma, ili kutoa upepo au kutafuta silinda isiyochoma. Usifanye hivyo kamwe kwenye komonreli. Mrusho wa dizeli kwa mgandamizo huo unapenya glovu na ngozi. Jeraha lake linaonekana dogo kama la sindano, halitoki damu nyingi, mtu analifuta na kuendelea na kazi, kumbe mafuta yanakula nyama ndani. Hilo ni jeraha la kukimbilia hospitali saa hiyohiyo hata kama haliumi. Zima injini, subiri dakika kadhaa mgandamizo ushuke, ndipo ufungue. Na usitafute uvujaji kwa kupapasa na vidole.

Sasa gari limeletwa halitaki kuwaka. Usianze kwa kufungua chochote. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta, piga stata, utazame mgandamizo wa reli unapanda hadi wapi. Injini nyingi haziruhusu injekta zifunguke kabla ya reli kufika karibu bar 150 hadi 200. Kama mgandamizo haufiki, mafuta ama hayaji ama yanapotea. Hayaji: angalia filta, upepo unaoingia kwenye mipira ya kunyonyea, pampu ya ndani ya tangi. Yanapotea: angalia valvu ya kudhibiti mgandamizo, na mafuta yanayorudi kutoka kwenye injekta. Kipimo cha mwisho hiki nakipenda kwa sababu hakidanganyi na hakihitaji vifaa vya maana. Chomoa vipaipu vya kurudishia juu ya injekta, kila kimoja kiingie kwenye chupa yake, washa injini kwa dakika chache au piga stata kama haiwaki, kisha zipange chupa sambamba. Zikiwa tatu zina kidogo kinacholingana na moja imejaa, umeshampata anayevujisha ndani kwa ndani.

Ukikuta msimbo P0087, usikimbilie kuagiza pampu. Msimbo unakuambia kompyuta imeona nini: mgandamizo wa reli uko chini ya ule iliouagiza. Haujakuambia kitu gani kimeharibika. Filta iliyoziba inatoa msimbo huohuo.

Pampu yenyewe huuawa na vitu viwili kuliko vyote, maji na petroli. Dizeli ndiyo oili ya pampu hiyo, haina nyingine. Mteja akikuambia amejaziwa petroli kimakosa, mwambie asigeuze hata ufunguo, kwa kuwa kwenye magari mengi pampu ya tangi huanza kusukuma pale tu umeme unapofunguliwa. Na kabla ya kufunga pampu mpya, fungua filta ya zamani uitazame kwenye mwanga. Ukiona vumbi linalometameta, vyuma vya pampu vimeshasambaa kwenye reli, injekta na hadi tangini. Pampu mpya juu ya uchafu huo itasagika kama iliyotangulia.

Injekta nyingi zina msimbo uliochongwa kichwani, wenye herufi na namba. Huo ni utofauti mdogo wa kila injekta ulivyopimwa kiwandani, na lazima uandikwe kwenye kompyuta ya gari kwa silinda yake. Ndiyo maana ukizifungua uziandike namba za silinda. Nimeona watu wakizichanganya, gari linatikisika, halafu lawama inaenda kwa injekta zisizo na kosa.

Chini ya kila injekta kuna washa ndogo ya shaba, pete inayozuia moto wa silinda usipenye kwenda juu. Hili ndilo jibu la fundi mkuu kwa lile swali la nani aliiunguza oili. Alinipeleka kwenye injekta ya tatu, akatoa kifuniko cha juu, tukakuta rundo la lami nyeusi ngumu limeizunguka. Washa ilikuwa imeacha kuziba. Kila mlipuko wa silinda ulikuwa unapenyeza moshi na masizi juu, vinaingia kwenye oili, oili inakuwa nzito, inaanza kuganda, na paipu iliyoziba kwanza ni ile nyembamba kuliko zote, ya turbo. Washa ya shaba iliyo ndogo kuliko kucha iliua turbo mbili, na ya pili niliifunga mimi. Tangu siku hiyo nikisikia injini inatoa sauti ya chaf-chaf-chaf ikiwa baridi, nafungua kifuniko. Washa hairudishwi mara ya pili, na kiti chake lazima kisafishwe mpaka chuma kionekane, la sivyo mpya nayo itavuja.

Ukielewa hivyo, turbo yenyewe haina mengi. Shafti yake inaelea juu ya utando mwembamba wa oili na inazunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika, za injini ndogo hata 200,000 na kupita. Kwa mwendo huo, sekunde chache bila oili zinatosha. Ishike shafti kwa vidole: kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, kwenda mbele na nyuma si kawaida, na pangaboi kugusa ukuta ni mwisho wa habari. Kabla hujaihukumu, kagua mipira yote ya upepo, intakula (rejeta ya kupoza upepo wa turbo), na vipaipu vya vakyumu. Gari lisilovuta lenye msimbo P0299, yaani upepo wa turbo uko chini ya ulioagizwa, mara nyingi lina mpira uliopasuka upande wa chini usioonekana. Tafuta mahali palipolowa oili na kushika vumbi. Turbo nyingi pia zina mabawa yanayofunguka na kujifunga kuelekeza moshi, na masizi yakiyakamata, gari hukosa nguvu ghafla wakati wa kulipita jingine, ukizima na kuwasha linapona kwa muda. Hilo si la umeme, mara nyingi ni mabawa.

Ukifunga turbo mpya: paipu ya oili mpya, oili mpya na filta mpya, mimina oili safi kwenye tundu la turbo kabla ya kufunga, kisha zungusha injini bila kuiwasha mpaka oili ifike. Na ukikutana na turbo inayovujisha oili upande wa hewa, usiijaribu kwa kukanyaga mafuta. Injini inaweza kuanza kujilisha oili yake yenyewe, ikapanda mizunguko bila kukoma, na ufunguo hauizimi. Kwenye gari la gia za mkono, shika breki zote, weka gia kubwa na achia klachi ili ife. La sivyo zibeni njia ya hewa kwa kitu kigumu kisichonyonyeka, kamwe si kwa kiganja, au kimbieni pembeni.

EGR nitaipitia haraka. Inarudisha sehemu ya moshi ndani ili joto la mwako lishuke na gesi chafu za oksidi za naitrojeni zipungue. Masizi yake yakikutana na mvuke wa oili yanakuwa tope linaloziba njia ya hewa. Isafishe pamoja na manifoldi, si valvu peke yake. Na maji ya rejeta yakipungua bila dalili ya kuvuja nje, ikumbuke rejeta ndogo ya EGR, inayopoza moshi huo kwa maji hayohayo.

Kichujio cha masizi, DPF, ndicho kinacholeta ugomvi na wateja. Kinashika masizi, na kikijaa kompyuta inaongeza mafuta ili moshi ufike karibu nyuzi 600 na kuyachoma. Safari fupifupi hukatiza kazi hiyo kila mara. Mafuta yaliyorushwa kwa ajili hiyo yanateleza kwenye ukuta wa silinda hadi kwenye oili. Kwa hiyo chomoa kijiti cha oili: ikiwa imepita alama ya juu na inanuka dizeli, injini inazungukia oili nyepesi kama maji, na beringi na turbo ndizo zitakazolipa. Wateja wanaomba kichujio kikatwe. Mimi sikati. Sheria za nchi nyingi zinakataza, moshi ule unavutwa na watoto barabarani, na kilichokijaza bado kimo ndani ya injini: injekta inayomwaga, mpira uliopasuka, EGR iliyokwama wazi.

Kabla hujakichoma kwa mashine, yaani kuiamuru kompyuta iyachome masizi gari likiwa limesimama, kagua vimipira viwili vya sensa ya mgandamizo wa kichujio, kwa sababu kikipasuka kimoja, kompyuta inasoma uongo. Angalia pia kiwango cha oili, na kama imezidi, ibadilishe kwanza. Toa gari nje, mbali na majani makavu na kitu chochote kinachoshika moto, maana ekzosi itawaka joto la kutisha. Ukimaliza, chomoa kijiti tena, na ukikuta oili imepanda, ibadilishe tena. Weka ile yenye majivu kidogo iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa kuwa masizi yanaungua lakini majivu ya oili hayaungui, yanabaki humo mpaka kichujio kifunguliwe.