Usingizi wa siku saba, kesi ya zaidi ya karne

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: katika hadithi za kisayansi na za maajabu, ni mhusika gani aliyebadilika jinsia ambaye hatujamsahau, na kwa nini? Wangu ni Orlando, wa riwaya ya Virginia Woolf iliyotoka mwaka 1928. Najua wengi watawaletea watu wa katuni za Kijapani na wa filamu za anga za juu. Mimi nilikuwa karani wa mahakama mpaka nilipostaafu, na katika hao wote niliowasoma, Orlando ndiye ambaye kubadilika kwake kulimfikisha kortini.

Kwa asiyemjua: ni kijana wa ukoo tajiri wa Uingereza, kipenzi cha Malkia Elizabeth wa Kwanza, mrithi wa jumba la vyumba 365. Hazeeki kama sisi. Hadithi inapoisha, mwaka 1928, zimepita karne zaidi ya tatu na yeye ana miaka 36 tu. Katikati hapo anatumwa Konstantinopoli (Istanbul ya leo) kuwa balozi wa Mfalme Charles wa Pili. Baada ya sherehe ya kupewa udyuki, cheo cha juu cha ukabaila wa Kiingereza, analala usingizi wa pono siku saba mfululizo. Waasi wanaingia, wanamdhania maiti, wanamwibia hadi mavazi yake ya cheo, naye hatikisiki. Anapoamka ni mwanamke. Woolf hapotezi wino hapo: sura ni ileile, kumbukumbu ni zilezile. Orlando anajitazama kwenye kioo kirefu bila kushtuka, kisha anakwenda kuoga. (Sisi wa pwani tungeongeza kwamba pono mwenyewe ni samaki wa mambo hayo: aina zake nyingi huanza maisha zikiwa majike, halafu baadhi hugeuka madume ya kijani na buluu. Sidhani kama Woolf alikuwa na habari.)

Kinachonifurahisha ni jinsi mabadiliko yanavyochelewa kumfikia. Anaishi na Wajipsi kwenye milima ya Bursa, amevaa suruali za Kituruki zinazovaliwa na wake kwa waume, na hakuna kinachomsumbua. Ni hadi anapopanda meli ya kurudi kwao, amevaa gauni, ndipo nahodha anapoanza kumtandia turubai la kumkinga jua na kumbembeleza aongeze nyama. Anaonyesha kidogo kifundo cha mguu, na baharia aliye juu ya mlingoti nusura aanguke. Orlando anaanza kujiuliza: nikitumbukia majini na sketi hizi, nitaogeleaje?

Akifika nyumbani, mbwa wake anamrukia kwa furaha, na watumishi wanampokea baada ya mshangao wa muda mfupi. Mahakama ndiyo haimtambui. Alipokuwa hayupo amefunguliwa mashauri matatu: kwamba amekufa, hivyo hawezi kumiliki mali, kwamba ni mwanamke, jambo ambalo kwa Woolf halina tofauti kubwa na hilo la kwanza, na kwamba ni dyuki aliyemwoa mcheza dansi aitwaye Rosina Pepita, akazaa naye wana watatu, ambao sasa wanasema baba yao ni marehemu na urithi ni wao.

Yasomeni hayo kwa jicho la karani. Mdaiwa ni mmoja, na kila dai linamkana kivyake: hayupo, yupo ila hafai, alikuwepo na ni baba wa watu. Mali inawekwa chini ya mahakama, naye anaruhusiwa kukaa kwenye nyumba yake mwenyewe ilhali haijaamuliwa kama yu hai au ni maiti, mume au mke. Shauri linaunguruma tangu enzi za Malkia Anne mpaka za Malkia Victoria. Hukumu inapotoka, ndoa ni batili, watoto si halali, na jinsia ya Orlando ni ya kike pasi na shaka yoyote. Mali anarudishiwa, ila baada yake iende kwa warithi wa kiume. Fedha yenyewe imeshaishia kwenye gharama za kesi, cheo kimerudi na mfuko mtupu. Nilicheka, lakini mafaili ya namna hiyo nimeyabeba kwa mikono yangu.

Wala si ya Waingereza wa kale peke yao. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu, Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza. Jamaa wa kiume katika ukoo alipinga kwamba kimila mwanamke hana mamlaka ya kuuza. Jaji akasema mila hiyo ni ya kibaguzi na inapingana na Katiba. Yule mama hakuwa amelala siku saba popote. Alizaliwa hivyo.

Na nyuma ya Orlando kuna mtu halisi. Woolf alimwandikia riwaya hiyo mpenzi wake, Vita Sackville-West, mtoto wa pekee wa mwenye jumba la Knole, huko Kent. Baba alifariki Januari 1928, jumba likaenda kwa baba mdogo kwa kuwa Vita alikuwa mwanamke. Bibi yake Vita kweli alikuwa mcheza dansi wa Kihispania, na kweli aliitwa Pepita. Kitabu kilitoka Oktoba 11 ya mwaka huohuo, na humo mwanamke anabaki na nyumba.

Ndiyo maana Tiresias, mtabiri katika tenzi za Ovid, mshairi wa Roma ya kale, hanishiki. Anawapiga nyoka wawili waliopandana, anakuwa mwanamke miaka saba, kisha anarudia uanaume. Miungu inapomwita awe shahidi inamuuliza swali moja tu, la kitandani. Miaka saba yote! Yule mwana wa mfalme wa Alfu Lela Ulela, aliyepelekwa na waziri kwenye chemchemi inayogeuza wanaume, yuko karibu zaidi, maana hila ile ilipangwa ili anyang'anywe mchumba. Lakini anapata maji mengine ya kumrudisha, yakaisha.

Ursula Le Guin, katika riwaya ya mwaka 1969, alibuni sayari nzima, Gethen, ambako siku nyingi za mwezi mtu hana jinsia, na katika siku chache za hamu anaweza kuwa wa kike safari hii na wa kiume safari ijayo. Hata mfalme hushika mimba. Kitabu ni kikubwa na nakiheshimu. Ila kwa kuwa wote wako hivyo, hakuna wa kuporwa kitu. Anayehangaika ni mgeni aliyetoka duniani kwetu.

Kama mnaruhusu jibu la pili, ni Anyanwu wa Octavia Butler, katika riwaya ya 1980. Ni mwanamke wa Kiigbo wa miaka kama mia tatu, anayeugeuza mwili wake apendavyo: chui, pomboo, mwanamume. Karne ya 19 inamkuta Louisiana kwa sura ya mzungu mwenye shamba. Ameshaoa, na shambani humo anawahifadhi watu ambao kwingine wasingesalimika. Hati za ardhi zilikuwa mikononi mwa wanaume weupe, basi akajipa mwili ambao saini yake haihojiwi na mtu. Na kweli hakuna korti iliyomhoji, ndiyo sababu namweka wa pili.