Jibu: Anavilhanas mwezi Oktoba

Salaam ndugu. Umeuliza kama ukienda Anavilhanas, visiwa vilivyo ndani ya mto Rio Negro huko Brazili, mwezi Oktoba utapiga kasia ndani ya msitu uliofurika. Hapana. Kabla ya tiketi, angalia kina cha mto. Rio Negro hujaa kabisa Juni na Julai. Hapo ndipo mtumbwi hupita katikati ya matawi. Mimi nilifika Septemba na nia kama yako, nikakuta fukwe za mchanga mweupe zimeibuka kati ya visiwa. Pazuri mno, nakuambia kweli, ila sicho unachokitafuta. Sogeza safari hadi Juni. Kutoka Manaus nenda kwa barabara hadi Novo Airão, kisha mchukue nahodha mzaliwa wa hapo: visiwa ni takriban 400, mgeni hupotea upesi.