Karata Zilizotupwa: Kwa Wanaoanza Kuhariri Poka ya Televisheni

Wadogo zangu mnaoingia kazi hii, nianze na kosa langu, maana lilinifundisha kuliko semina zote nilizowahi kukaa.

Mwaka 2008 niliajiriwa na kampuni moja ya London kutazama picha za poka na kuandika kila kitu kwa dakika na sekunde: nani kapewa karata zipi, nani kaweka dau, nani katupa karata zake na kujitoa. Chumba hakikuwa na dirisha. Baada ya miezi michache nikapewa kipindi nikikate mwenyewe. Kulikuwa na mgao mmoja, yaani duru moja ya karata tangu zigawiwe hadi mtu achukue dau, ulionichosha. Mzee mmoja kapandisha dau, kijana aliyekaa mkabala naye kafikiri weee, katupa. Mzee akavuta chipu, vile visahani vya kuwekea dau, kisha akazifunua karata zake mbili ili kumkera: hakuwa na kitu. Dakika mbili na nusu zimekwenda, nikaona si lolote, nikauondoa. Baadaye mezani wawili hao wakakutana tena. Mzee akasukuma chipu zake zote, kijana akamfuata na jozi ya sita. Safari hii mzee alikuwa nazo kweli. Kijana akatoka mchezoni.

Katika kipindi changu kijana yule alionekana mpumbavu. Mhariri wetu mkuu, mama wa Kiskoti wa rika la mama yangu, alikitazama chote bila kusema neno, kisha akaniuliza: "Huyu kijana aliamini nini, na ni nani aliyemwaminisha?" Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu nilikuwa nimelikata. Usiku uleule nikaurudisha mgao ule mahali pake.

Tangu siku hiyo, kabla sijatupa kipande chochote, najiuliza kimezaa nini huko mbele. Nanyi fanyeni hivyo. Meza moja hucheza migao kama thelathini kwa saa, na kipindi chetu cha saa nzima kina nafasi ya michache tu. Kuchagua hakukwepeki. Lakini mtu akifanya uamuzi wa ajabu saa nne usiku, mara nyingi sababu yake ilizaliwa saa mbili, katika mgao mdogo usio na fedha za maana. Utafute, hata kama utaingia kwenye kipindi kwa sekunde ishirini tu.

Mjue pia mchezo huu ulivyofika kwenye kioo. Mashindano makubwa ya dunia, World Series of Poker, yalianza Las Vegas mwaka 1970, katika kasino ya Benny Binion, na kwa miaka mingi kamera zilipokwenda huko hazikuweza kuonyesha kilichomo mikononi. Mtazamaji aliona wanaume wamenuna, chipu zinakwenda na kurudi, basi. Aliyebadilisha hali hiyo ni Henry Orenstein, mzaliwa wa Polandi aliyenusurika kambi za Wanazi, akahamia Marekani na kutajirika kwa kubuni midoli. Yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa poka, na mwaka 1995 alipata hataza ya meza yenye kamera za kuona karata zilizofichwa. Hapa Uingereza, televisheni ya Channel 4 ilianza mwaka 1999 kutumia meza yenye vioo: mchezaji anaweka karata juu ya kioo, kamera inazisoma kutoka chini. Siku hizi meza nyingi zina vifaa vinavyozitambua karata kwa mawimbi ya redio, lakini kazi ni ileile: kumwonyesha mtazamaji karata ambazo mezani hakuna anayeziona isipokuwa mwenyewe.

Mkitaka kuelewa uzito wake, tazameni mgao mmoja wa mashindano hayo ya dunia, mwaka 2003. Kila mchezaji ana karata mbili za siri, tano hufunuliwa katikati kwa wote, na mwenye karata tano bora kati ya hizo saba ndiye mshindi. Wamebaki wawili kati ya 839. Mmoja ni Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, aliyepata nafasi kupitia shindano la mchujo la intaneti lenye kiingilio cha dola 86. Wa pili ni Sam Farha, mchezaji wa kulipwa mzaliwa wa Lebanoni, sigara isiyowashwa mdomoni. Farha ana bibi wa shupaza na tisa ya kopa. Moneymaker ana basha (mfalme) wa shupaza na saba ya kopa. Katikati ya meza zimefunuliwa tisa ya shupaza, mbili ya uru na sita ya shupaza. Farha ana jozi ya tisa na anaongoza. Inakuja nane ya shupaza. Sasa Moneymaker anangoja shupaza ya tano, maana tano za aina moja zinaishinda jozi, au karata ya kumkamilishia mfululizo wa tano. Karata ya mwisho ni tatu ya kopa. Haimsaidii kitu. Mkononi hana hata jozi. Anasukuma chipu zote.

Farha anafikiri. Anamwambia usoni kwamba huenda amezikosa shupaza zake, na kweli amezikosa. Moneymaker ametulia tuli, kofia kichwani na miwani myeusi usoni. Farha anatupa karata zilizokuwa zinashinda. Muda si mrefu mhasibu huyo akashinda shindano zima na dola milioni 2.5.

Sasa fikirieni mgao huohuo kabla ya kamera za karata. Mtu kaweka chipu, mwenzake katupa, mgawaji kazizoa karata, zimepotea. Hakuna ambaye angejua kilichopita pale. Mgao unaosifiwa kuliko yote katika historia ya poka ya televisheni ni mgao ambao hakuna mchezaji aliyelazimika kufunua karata zake. Mwaka uliofuata waliojiandikisha walikuwa 2,576, na mwaka 2006 walifika 8,773. Intaneti ilichangia sana, sibishi, lakini watu walikuwa wamemwona mhasibu akiwa mikono mitupu huku bingwa anatupa.

Jambo linalonikera hadi leo ni matumizi mabaya ya asilimia zile za pembeni mwa kioo, zinazoonyesha nafasi ya kila mchezaji kushinda. Kompyuta inazikokotoa kwa kuziona karata za wote. Mchezaji haoni hivyo. Mtu mwenye mabasha wawili akikutana na ree mbili, jozi kubwa kuliko zote, kioo kitaandika kwamba ana nafasi kama 18 katika 100, na mtazamaji atacheka akimwona anaweka kila alichonacho. Lakini mabasha wawili ni karata za pili kwa nguvu kabla meza haijafunuliwa, na karibu kila bingwa angeziweka zote vilevile. Ukimkatia uso wake wa majuto na kumwekea muziki wa huzuni kana kwamba amekosea, umemsingizia. Mwonyeshe amepata mkosi, kwa sababu hicho ndicho kilichompata.

Kuhusu mastaa nina neno moja. Phil Hellmuth, bingwa wa dunia wa mwaka 1989 akiwa na miaka 24, hufoka akishindwa. Daniel Negreanu huongea mfululizo na kukisia karata za mwenzake kwa sauti. Phil Ivey hasemi, anatazama tu. Ni rahisi kuwafanya vibandiko: mkali, msemaji, bubu. Nimefanya hivyo, kipindi kikapendeza, na mpinzani aliyewashinda wote watatu siku hiyo hakukumbukwa na mtu. Hellmuth hutupa karata kwa saa nyingi kwa subira ambayo wengi wetu hatuna. Hiyo nayo iwekeni.

Na simu. Ukifanya kazi kwenye matangazo yanayorushwa siku hiyohiyo, simu inabaki mlangoni, na humo ndani huingii na saa inayopokea ujumbe. Matangazo hucheleweshwa, mara nyingi kwa nusu saa, kwa sababu wewe unaziona karata za watu wakiwa bado wanacheza, na neno moja likivuka ukuta ni wizi. Msikasirike mkipekuliwa. Mimi napenda kupekuliwa, kwa kuwa kukitokea lolote nakuwa salama.

La fedha si tamu ila nalisema. Ulizeni mapema ni nani anayelipia kipindi. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani iliwashtaki waendeshaji wa tovuti kubwa tatu za poka, na hizo ndizo zilizokuwa zikijaza nafasi za matangazo. Mwaka huohuo vipindi vya poka High Stakes Poker na Poker After Dark vilikoma kutengenezwa. Kuna wenzangu waliokuwa na mkopo wa nyumba na hawakuwa na kazi nyingine mkononi. Jifunzeni kukata mpira wa miguu pia, au habari.

Mama yangu yuko Mombasa, na kwake kamari ni haramu, hakuna mjadala. Aliponiuliza nafanya nini Ulaya, nilimweleza kwamba mimi sichezi, nakata picha. Akauliza, "Na wanaoshindwa mnawaonyesha?" Swali lile ninalo mpaka leo. Mwaka 2003, kati ya wale 839, waliolipwa walikuwa 63. Waliobaki walirudi nyumbani bila senti ya kiingilio cha dola 10,000, yao au ya waliowadhamini. Mtu kama hao akipita mbele ya kamera yenu akichukua koti lake kitini, msikate haraka. Mwacheni atembee hadi mlangoni.

Kabla ya siku ya kwanza kazini, tafuta mgao ule wa Moneymaker na Farha. Bandika karatasi kwenye kioo uzibe karata na asilimia, zima sauti, andika kila unachokiona: mikono, chipu, sigara, nani anameza mate. Rudia mara tatu. Kisha bandua karatasi uutazame tena, na uje na maandishi yako Jumatatu tuyasome pamoja.