Maswali na majibu: Picha zinazomwongoza daktari wa upasuaji wa titi

Uvimbe wangu haushikiki kwa mkono, umeonekana kwenye mamografia (eksirei ya titi) tu. Daktari ataupataje? – Msomaji, Morogoro

Pole, dada. Kabla ya upasuaji, mtaalamu wa radiolojia atakuchoma ganzi, kisha ataingiza sindano hadi kwenye uvimbe huku akiufuatilia kwenye mamografia au ultrasaundi. Ndani ya sindano mna waya mwembamba wenye ndoano nchani. Sindano ikitolewa, ndoano inabaki imeng'ang'ania palepale, na mkia wa waya unabaki nje ya ngozi, umefunikwa kwa bandeji. Usiuguse. Daktari wa upasuaji ataufuata waya huo hadi kwenye ugonjwa.

Nyama iliyotolewa nayo ipigwe eksirei wewe ukiwa bado mezani, ili wahakikishe kilichoonekana kwenye picha kimo humo. Kikiwa karibu na ukingo, anaongeza kukata hapohapo. Uliza mapema kama watafanya hivyo. Mimi nisingekubali kulazwa mezani bila kupata jibu.

Hospitali yetu ina ultrasaundi tu. Inatosha? – Msomaji, Kitui

Uvimbe ukionekana vizuri kwa ultrasaundi, inatosha kumwongoza daktari aliyeizoea. Ila kama ugonjwa ni vichembe vya chokaa, mara nyingi ultrasaundi haivioni. Omba rufaa ya kwenda hospitali yenye mamografia.

Mama alianzishiwa dawa za saratani na sasa uvimbe hauonekani. Kwa nini akatwe? – Msomaji, Tanga

Kwa sababu picha safi haithibitishi kwamba seli zote za saratani zimekufa. Ni mtaalamu wa patholojia atakayejua, akishapima nyama. Ndiyo maana kabla ya dawa huwekwa kwenye uvimbe alama ya metali, ndogo kama ufuta, ili baadaye pajulikane pa kukata. Ambaye bado hajaanza dawa aiulizie sasa, maana uvimbe ukishayeyuka ni vigumu kupapata.

Ndugu wanasema nitoe titi lote ndipo nitapona. – Msomaji, Mombasa

Utafiti wa Marekani ulioongozwa na Bernard Fisher ulifuatilia wanawake kwa miaka 20. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2002, yalionyesha kuwa waliotolewa uvimbe pekee waliishi sawa na waliotolewa titi zima. Lakini saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa takriban asilimia 39 ya wasiopata tiba ya mionzi baada ya kutolewa uvimbe, na asilimia 14 ya walioipata. Kwa hiyo, kabla hujatia sahihi, hakikisha mionzi utaipata na nauli ya kuifuata unayo. Ikishindikana, au ugonjwa ukiwa umetapakaa titini, kulitoa lote huenda ndiko kufaako.