Wazee wa Okinawa hawakuhamia Okinawa

SWALI

Shikamoo dada. Mimi na mume wangu tunastaafu mwakani, yeye akiwa na miaka 65, mimi 61. Tangu mwaka jana ameng'ang'ania kwamba tukishamaliza kazi tuhamie nchi ya mbali yenye bahari na jua. Anasema kuna visiwa ambako watu wanafika miaka mia bila shida, na kwamba hewa safi na utulivu vitatuongezea angalau miaka kumi. Yeye ana presha na kisukari, na anajidunga insulini. Mimi nina goti tu. Watoto wametawanyika, kila mmoja na kwake. Ameshaanza kutafuta mtu wa kununua nyumba yetu. Sipendi kuwa mke wa kumvunjia mtu ndoto yake, ila usingizi umenikimbia. Ni kweli kuhamia ughaibuni uzeeni kunarefusha maisha, au tunakwenda kuyafupisha?

Mke Asiyelala

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikacheka peke yangu, maana huyo shemeji ni marehemu mume wangu mtupu. Nimefanya uuguzi miaka 34, kumi na mmoja ya mwisho nikiwa wodi ya wazee. Wiki niliyostaafu, mzee wangu alikuwa ameshakata tiketi mbili. Tukakaa ughaibuni miaka sita. Kwa hiyo anayekujibu hapa ni muuguzi, lakini pia ni mke aliyewahi kufungasha.

Tuanze na visiwa vyake. Najua anavyovisema: Okinawa ya Japani, Sardinia ya Italia, Ikaria ya Ugiriki, na wakati mwingine ile rasi ya Nicoya kule Kosta Rika. Mwulize swali moja: wale wazee walihamia huko mwaka gani? Hawakuhamia. Wamezaliwa pale pale, wamepanda na kushuka vilima vile vile tangu utotoni, na jirani akiona dirisha halijafunguliwa saa tatu asubuhi anakuja kugonga. Mtu anayeshuka kwenye ndege na miaka yake 65 na presha yake atayapata mandhari yao. Ile miaka sitini ya kutembea kwa miguu haiuzwi.

Hata hesabu za umri zenyewe zina mashimo. Mwaka 2010 Japani ilikagua daftari zake za familia ikakuta watu zaidi ya 230,000 walioandikwa kuwa wametimiza miaka mia ilhali hakuna aliyejua waliko. Wengi walikuwa wamekufa miaka mingi nyuma, na hakuna aliyekwenda kufuta jina. Wazee wa kweli wapo, simnyang'anyi shemeji yote. Ila namwongezea hili: ilipofika mwaka 2000, wanaume wa Okinawa waliporomoka hadi nafasi ya 26 kati ya mikoa 47 ya Japani kwa urefu wa maisha. Kisiwa hakikusogea, bahari ni ile ile. Watu waliacha kutembea wakapanda magari, na ulaji ukabadilika.

Sasa, je, kuhama kunagusa mwili? Kunagusa sana. Kuna uchunguzi ulioanza miaka ya 1960 uliowafuata wanaume wenye asili moja ya Kijapani katika sehemu tatu: waliobaki Japani, waliokuwa Hawaii, na waliokuwa California. Damu ni moja, lakini ugonjwa wa moyo ulikuwa mdogo Japani, ukapanda Hawaii, ukawa mkubwa zaidi California. Kilichonikaa kichwani ni matokeo yaliyotolewa 1976 kuhusu wale wa California: waliobaki wameshikamana na jamaa zao na desturi zao za ukoo walikuwa na maradhi ya moyo machache, karibu sawa na wenzao waliobaki nyumbani. Na tofauti hiyo haikuelezeka kwa ulaji peke yake, wala kwa sigara au presha.

Shemeji atakujibu kwamba ameona wastaafu ughaibuni wana afya kuliko waliobaki. Inawezekana ameona kweli. Lakini fikiria anayehama ni nani: ni yule mwenye miguu, mwenye akiba, mwenye moyo wa kujaribu. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki hafungashi ovyo. Halafu kuna upande wa pili, ambao watafiti wameupa jina la samaki samoni, yule anayerudi kwenye mto aliozaliwa kumalizia siku zake. Baadhi ya wahamiaji wakishazidiwa hurudi kwao, kifo chao kinaandikwa kwao, na kule ughaibuni walikokuwa takwimu zinabaki zinameremeta. Ukichukua wazima wanaoingia, ukawatoa wagonjwa wanaoondoka, nchi yoyote itaonekana ni dawa.

Ngoja nikusimulie ya kwetu, maana hapa ndipo nilipojifunza kuliko miaka yote ya wodini.

Mwaka wa kwanza ulikuwa likizo. Mzee wangu alitembea kila alfajiri, akapungua kilo sita, presha ikashuka mpaka nikaanza kumwamini. Mwezi wa kumi na nne dawa tulizobeba zikakaribia kuisha. Daktari wa kule, mtu mwema kabisa, akamwandikia dawa ya presha. Mzee akaipokea, akaipanga kabatini pamoja na vidonge vichache vilivyosalia kwenye boksi la zamani, na kwa siku tisa akameza vyote viwili. Boksi lilikuwa na rangi nyingine na jina jingine. Ndani ilikuwa dawa ile ile ya presha, amlodipini. Siku ya kumi alisimama ghafla kutoka kitandani, presha ikaporomoka, akaanguka na kupasuka paji la uso kwenye ukingo wa meza. Na mimi, muuguzi wa miaka 34, nililala chumba kile kile na sikuwahi kuligeuza lile boksi. Hadi leo linaniuma.

Ndiyo maana nasisitiza: jina la biashara la dawa hubadilika ukivuka mpaka, lakini dawa yenyewe ina jina lake la kimataifa, na Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa orodha ya majina hayo tangu 1953. Shemeji aandike kila dawa yake kwa jina hilo, kipimo chake na saa zake, kwenye karatasi ngumu inayokaa mfukoni. Simu isitegemewe, siku ukianguka ndiyo siku imeisha chaji.

Kwenye chumba cha dharura likaja la lugha. Mzee alikuwa ameisoma lugha ya kule vizuri, anasoma magazeti, anabishana sokoni. Alipoulizwa anajisikiaje, akakwama. Sisi tuna kichomi, kiungulia, ganzi, kizunguzungu, kichefuchefu, na kila neno lina mahali pake mwilini. Yeye alikuwa na neno moja tu la "kuuma", akalitumia kwa kifua, kwa kichwa, na kwa aibu. Wakampima moyo usiku kucha kwa kiungulia. Na jambo hili huwa zito zaidi mbele ya safari: nimewaona wazee wenye ugonjwa wa kusahau wakipoteza kwanza lugha waliyojifunza ukubwani, wakabaki na ile ya mama. Mhudumu asiyeijua lugha hiyo anamwona mzee mkaidi, kumbe mzee anaomba maji.

Kuhusu jua analolisifu. Baridi kali ni adui wa moyo na wa viungo, hilo kweli, na goti lako linaweza kufurahia joto. Lakini mwili ukizeeka unachelewa kusikia kiu na jasho linapungua, na baadhi ya dawa za presha zinautoa maji. Agosti 2003 joto liliua watu karibu 15,000 Ufaransa, nchi yenye hospitali nzuri, na wengi wao walikuwa wazee, wengi wakiishi peke yao. Na ya insulini unaijua: ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, na ikishapigwa na joto kali imeharibika hata kama kwa macho ni ile ile. Kabla ya kuulizia mandhari ya baharini, ulizieni umeme wa nyumba hiyo unakatika mara ngapi.

Nakuja kwenye usingizi wako, maana nadhani kinachokukesha ni hiki. Mwaka 2010 zilikusanywa tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka saba na nusu. Wenye mahusiano imara na watu walikuwa na nafasi ya kubaki hai kubwa kwa asilimia 50 kuliko wasio nayo, uzito unaolingana na ule wa kuacha sigara. Mimi hilo nililiona kwa jicho mwaka wetu wa pili. Watoto walipiga simu kila Jumapili, tukaangaliana usoni kwenye kioo cha simu, tukacheka. Jumatatu mzee alikaa kibarazani tangu asubuhi hadi jioni, na mtu pekee aliyemsalimia alikuwa mleta barua. Alfajiri zake zikafa polepole. Zile kilo sita zikarudi na wenzake.

Kilichotuokoa ni kwaya. Usicheke. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya chini alimsikia akiimba bafuni, akamvuta kwenye kwaya ya wazee, na kuanzia hapo mzee akawa na watu 22 wanaomtafuta akikosa mazoezi. Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa mizuri, siwezi kuificha. Kwa hiyo sikwambii msiende. Wapo wanaoishi vizuri zaidi huko: wanapata hospitali bora, wanatembea zaidi, wanaachana na ugomvi wa ndugu uliokuwa ukiwapandisha presha. Ila wengi niliowaona wakifana walikuwa wameshakaa huko mara kadhaa kabla, au walimfuata mtoto au rafiki.

Bima nitaipitia haraka, kwa sababu kila nchi ina yake na mimi si mwanasheria. Ulizeni kwa maandishi: bima yenu ya uzeeni inavuka mpaka? Ile ya Medicare ya Marekani, kwa mfano, kwa kawaida hailipii matibabu nje ya nchi, na wengi huligundua hilo wakiwa kwenye machela. Pensheni je? Mstaafu wa Uingereza akihamia Kanada au Australia, pensheni yake ya serikali inagandishwa palepale, haipandi mwaka hata mwaka, na bei ya dawa haimsubiri. Ulizeni pia nani atalipa kumrudisha mgonjwa, na nani atalipa kuurudisha mwili. Hilo la pili wanaume hawapendi kuulizwa. Uliza hivyo hivyo.

Sasa mtihani wa kumpa shemeji. Usimbishie visiwa, utashindwa, ana picha nyingi. Mwambie achukue kalamu aandike watu watatu wa huko mnakokwenda: atakayekuja saa nane usiku wewe ukiwa umeanguka na goti lako, atakayezungumza na daktari badala yenu nyote wawili mkiwa hamjiwezi, na atakayekaa nawe wiki ya kwanza ukiwa mjane, au naye akiwa mgane. Akipata majina matatu, mnunulie begi. Akiandika jina lako mara zote tatu, kama mzee wangu alivyofanya, mrudishie karatasi.

Halafu nendeni mkapange nyumba, msihamie. Kaeni mwaka mzima, na huo mwaka uwe na ule msimu ambao watalii hawaonekani. Daktari wenu wa hapa aendelee kuwa na faili lenu, na kila baada ya miezi mitatu shemeji apime kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, majibu yawekwe pamoja. Sukari na presha zikishuka na zikabaki chini mpaka mwezi wa kumi na mbili, nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi.

Na huyo mnunuzi wa nyumba, mpigie wewe mwenyewe leo. Mwambie haiuzwi, inapangishwa kwa mwaka mmoja. Sisi tuliuza. Mzee wangu alipopata kiharusi mwaka wa sita akataka kurudi, tulirudi kwenye chumba cha nyuma kwa binti yetu, na kila gari likipita mtaa wetu wa zamani aligeuza shingo, ile shingo iliyokuwa bado inageuka, kuangalia kama mwembe wake wamekwishaukata.