Kupiga mfumo upya kwenye seva iliyo Liwale ukiwa Mtwara mjini

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, kupiga Windows kwenye laptop iliyo mezani kwako na kupiga mfumo upya kwenye seva iliyofungiwa ofisini Liwale ni kazi mbili tofauti kabisa. Ya mezani ikigoma unachomeka flashi tena. Ya Liwale ikigoma unatafuta gari la Masasi, kisha Nachingwea, na masika yakikolea kipande cha mwisho si cha kumwahidi mtu kwamba kesho utafika. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, na siku chache baadaye nyaya za intaneti za baharini zikapata hitilafu, mtandao ukazorota nchi nzima. Kazi ya mbali ipangwe ukijua kwamba siku kama hizo zipo.

Ninachowaomba mkishike ni hiki: kabla hujabonyeza Enter, ujue mashine itarudi vipi hatua hiyo ikishindikana. Ukijikuta unasema "nadhani itarudi", acha, kanywe chai, panga upya.

Anza na njia ya kuingilia. Seva za Dell na HP mara nyingi zina kikompyuta chake pembeni, iDRAC au iLO, kinachokuonyesha skrini hata mfumo ukiwa umekufa. Kikiwepo, na leseni yake ikiruhusu kuona skrini, nusu ya wasiwasi umeisha. Ila usikilishe faili la giga nne kupitia laini ya simu. Tumia faili dogo la kusakinishia kwa mtandao, vifurushi vingine mashine ivute yenyewe.

Ofisi nyingi za huku hazina kitu hicho. "Seva" ni kompyuta ya mezani iliyowekwa kwenye kona, intaneti ni ya modemu ya laini. Hapo someni taratibu, maana ndipo wengi wanapokwama. Laini ya simu kwa kawaida haikupi anwani ya IP inayoonekana kutoka nje. Wewe unaifikia seva kwa sababu seva yenyewe imefungua njia ya VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, kuja kwako. Sasa ukiizima na kuwasha kisakinishi, programu inayoweka mfumo mpya, hiyo VPN haipo tena! Kisakinishi kinaweza kuwa kimewaka vizuri, kina mtandao, kinakusubiri, na wewe huna pa kupitia. Kwa hiyo VPN isikae kwenye mashine unayoivunja. Iweke kwenye ruta, kwa mfano MikroTik yenye RouterOS 7, ambayo inaikubali WireGuard (aina ya VPN), au kwenye laptop ya ofisi itakayobaki imewaka usiku kucha. Jaribu kuingia kupitia hapo siku kadhaa kabla, si saa ile ile.

Njia ya kurudi ndiyo inayofuata. Methali yetu inasema usiache mbachao kwa msala upitao, na kwenye seva maana yake ni kwamba mfumo wa zamani haufutwi mpaka mpya uthibitike. Tafuta diski ya pili ya kuwekea mfumo mpya. Kama haipo, itumwe kwa basi na fundi wa pale aichomeke. Kwa Debian, ambayo ni aina ya Linux, chukua mafaili mawili ya kusakinishia kwa mtandao, linux na initrd.gz, yaweke kwenye /boot, na yaandikie chaguo lake kwenye /etc/grub.d/40_custom, faili la GRUB, programu inayochagua mfumo wa kuwasha. Weka GRUB_DEFAULT=saved, endesha update-grub, na kwa grub-set-default chaguo la kudumu libaki mfumo wa zamani. Kisha grub-reboot inaiagiza mashine iwashe kisakinishi mara moja tu. Kikiganda, mtu akizima na kuwasha, unarudi ulikotoka.

Tahadhari moja ambayo wengi hawaambiwi: /boot ikiwa juu ya LVM au RAID ya programu (njia za kugawa au kuunganisha diski kwa programu), GRUB haiwezi kufuta lile agizo la mara moja, na mashine itarudi kwenye kisakinishi kila ikiwashwa. Angalia kwa amri ya lsblk kwanza.

Kisakinishi cha Debian kina kipengele kinachoitwa network-console. Ukikiwasha kwenye mstari wa kerneli (ule unaoanza na linux ndani ya chaguo lako la GRUB), pamoja na nywila, anwani ya IP, ruta na DNS, utaingia kwa SSH, njia ya kuandika amri ukiwa mbali, kwa jina installer na kuendelea kama uko pale. Usiache swali lolote la mwanzo bila jibu, kwa sababu hakuna mtu kwenye kibodi. Fanyeni zoezi zima kwanza kwenye VirtualBox, kompyuta ya kuigiza ndani ya yako, hapo ulipo, hadi mkono uzoee.

Kwenye daftari, narudia, daftari la karatasi, andika namba ya MAC, utambulisho wa kadi, ya kila kadi ya mtandao na namba ya mfululizo (serial number) iliyoandikwa kwenye kila diski. Mfumo wa zamani unaweza kuiita kadi eth0, mpya ukaiita enp3s0. Ukinakili mipangilio ya zamani bila kuangalia, mashine inawaka na kukaa kimya. Na sda ya leo inaweza kuwa sdb ndani ya kisakinishi. Diski itambue kwa namba yake, usiitambue kwa herufi.

Halafu kuna mtu. Mpigie mhudumu wa ofisi mchana, msalimie vizuri, mwambie, "Mama, nikikupigia, shikilia kitufe cha mbele mpaka taa izime, kisha ubonyeze tena." Afanye mara moja ukiwa naye kwenye simu. Kama ni chama cha msingi cha korosho, usiguse chochote kuanzia Oktoba minada inapoanza. Malipo ya wakulima yanapita humo. Na bakapu ihesabike kuwa bakapu pale tu umeirudisha kwenye mashine nyingine na ikafunguka.

Kisakinishi kikiuliza kuhusu GRUB, iache ile ya diski ya zamani. Maliza, rudi kwenye mfumo wa zamani, ongeza chaguo la mfumo mpya, uuwashe kwa grub-reboot tena. Ukishaingia kwa SSH, ukaona huduma zinaitika na mhasibu amechapa risiti, ndipo uufanye wa kudumu. Diski ya zamani ibaki ilivyo hadi hesabu za mwezi zifungwe kwenye mfumo mpya. Kisha weka GRUB kwenye diski mpya, hakikisha mashine inawaka nayo, ndipo uifute ya zamani.