Morogoro hadi Bukoba kwa pikipiki baada ya kustaafu

SWALI: Ndugu Mhariri, nilistaafu ualimu mwaka jana nikiwa na umri wa miaka 60, na kwa muda mrefu nimekuwa nikimwahidi rafiki yangu wa chuoni, aliyerudi kwao Bukoba, kwamba nikishapumzika kazi nitamtembelea kwa pikipiki. Ninayo Boxer 150 ambayo naitumia kwenda shambani, na nimekadiria siku tatu za safari. Wanangu wanasisitiza nipande basi. Mama yao amenyamaza, na huo ukimya ndio unaonitisha zaidi. Je, safari inawezekana? Na je, nitoe sehemu ya kiinua mgongo ninunue pikipiki kubwa zaidi?
Mwalimu mstaafu, Morogoro

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Safari inawezekana, kisichowezekana ni hizo siku tatu. Kupitia Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, Mwanza na Geita, njia yote ni takribani kilomita 1,400, maana yake ungelazimika kwenda zaidi ya kilomita 450 kila siku, jambo ambalo pikipiki italivumilia lakini mgongo hautalivumilia. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda Dodoma kutoka hapo kwenu, kilomita 260 tu, nikijiona hodari wa kutosimama njiani, na nilipofika nilishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji kwa jinsi vidole vilivyokufa ganzi. Fikiria vidole hivyo ndivyo vilivyokuwa vikishika breki.

Kwa hiyo pima safari kwa saa utakazokaa kwenye siti, wala usiipime kwa ramani. Ondoka kunapopambazuka, simama kila baada ya saa moja na nusu hata kama hujachoka, na saa nane mchana uwe umeshapata chumba. Lala Dodoma, Singida, Nzega, kisha Mwanza, ambako ninakushauri upumzike siku nzima. Halafu Biharamulo, na siku ya saba uingie Bukoba. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri, kwa kuwa mvua zinakuwa zimepungua, ingawa baridi ya asubuhi pale Gairo itakudai koti zito na glavu.

Njia ni ya lami, lakini ina tabia zake. Singida kuna upepo mkali wa ubavuni, ambao huwa mbaya zaidi pale lori linapokupita: kwanza linakukinga na upepo, kisha linakuachia ghafla, na mtu asiyetarajia hujikuta amesukumwa kando. Ukiliona kwenye kioo, punguza mwendo na ushike usukani kwa utulivu bila kuukaza. Mteremko wa Sekenke, kabla ya Igunga, ushuke kwa gia ndogo ili breki zisipate moto. Vijijini heshimu kilomita 50 kwa saa, kwa sababu ya watoto na mbuzi kwanza, na kwa sababu ya tochi za trafiki pia. Ukitoka Mwanza hutasubiri tena kivuko, kwani daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025.

Kiinua mgongo usikiguse. Boxer inafahamika kwa fundi wa karibu kila kituo cha bodaboda utakachopita, na vipuri vyake vinauzwa hata kwenye maduka madogo, ilhali pikipiki kubwa ikikuharibikia Shelui huenda ukasubiri kipuri kwa siku kadhaa. Badili oili, tairi na breki kabla ya kuondoka, na kagua cheni kila asubuhi: ibonyeze kwa kidole katikati, upande wa chini, icheze kiasi cha sentimita 2 hadi 3. Chukua tyubu mbili, plagi na kiungo cha cheni, na kebo ya akiba ya kluchi uifunge kwa utepe sambamba na ile inayotumika, ili ikikatika ubadilishe ncha tu. Mzigo ukae chini pande zote mbili, usirundikwe juu nyuma yako.

Hakikisha leseni yako ina daraja A, kwa kuwa injini yako inazidi ujazo wa cc 125, na ukumbuke kwamba bima ndogo huwafidia watu wengine, si wewe. Pima macho na presha wiki kadhaa kabla, na umweleze daktari wazi kwamba utakaa juani kwa saa nyingi, kwani baadhi ya dawa za presha hupunguza maji mwilini.

Wanao wana hoja moja ambayo siwezi kuipinga: usiku usiendeshe hata kilomita moja. Kuhusu mama yao, mwandikie ratiba kwa mkono, yenye mji utakaolala kila siku na saa utakayompigia simu, kisha umwachie yeye uamuzi wa siku ya kuondoka. Na mwambie pia kwamba wakati wa kurudi utauliza bandarini Bukoba kama pikipiki inaweza kupakiwa melini hadi Mwanza, ili zile siku mbili za barabara uzivuke umelala.